Gitaa Lililotazama Ukuta

Ukitaka kujua wanamuziki wa mji ule walinunua wapi vyombo vyao, kosa kubwa lilikuwa kuwauliza. Mwanamuziki ukimuuliza alikonunua gitaa lake atakutajia mji wa mbali, ili ujue kwamba amesafiri. Dawa ilikuwa kwenda mwenyewe siku ya Jumamosi mpaka mtaa wa nyuma ya stendi, kisha ufuate kelele. Ungefika kwenye duka jembamba lenye milango ya kijani, na humo ndani ungekuta kila mtu anajaribu chombo chake kwa wakati mmoja. Huyu kinanda, yule filimbi, mwingine anakung'uta ngoma kama vile imemtukania mama, na mwenye gitaa anaongeza sauti ili awashinde wote. Mgeni alikuwa akitoka hapo kichwa kinamgonga. Wenyewe waliona ni pahali pa kupumzikia.

Bei hazikuwa za kutupa, nisikudanganye, na kiti cha mteja hakikuwepo. Walikwenda pale kwa ajili ya mwanamke mmoja ambaye mji mzima ulimwita Fundi. Duka lilikuwa la mjomba wake, mzee wa kaunta, ambaye sikio lake la kushoto lilikufa kwa kukaa miaka mingi karibu na spika, na la kulia lilikuwa linaaga taratibu. Kazi yote ya mikono alikuwa ameshamwachia mpwa wake. Na Fundi alikuwa na jambo moja lililomtofautisha na wauzaji wote duniani: hakukuuzia kitu kisichokufaa. Unaweza kuja na pesa mkononi, roho yako imekwama kwenye gitaa jekundu linalong'aa, yeye akusikilize unavyolipiga, halafu aseme "Halikufai," alirudishe kwenye msumari. Ukibembeleza, hasikii. Ukikasirika, anakuonyesha mlango kwa upole. Wengi waliondoka wamenuna, na wote walirudi.

Palikuwa na desturi nyingine pale dukani. Juu ya meza yake ya kazi kulikuwa na msumari uliokaa peke yake. Chombo kikitundikwa hapo kimegeuzwa uso ukutani, ujue kimeshapata mwenyewe. Hakiulizwi bei wala hakiguswi. Wanamuziki, watu ambao huazimana hata mashati na kusahau kurudisha, waliiheshimu desturi ile kuliko amri za serikali.

Sasa Jumamosi moja akaingia kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa mpaka linakata, mikono imekunjwa hadi kwenye viwiko, viatu unaweza kujitazama. Alikuwa mgeni mjini, amekuja kupiga gitaa la besi kwenye bendi ya hotelini. Akaomba gitaa la bluu lililokuwa dirishani, akalichomeka kwenye amplifaya, akaanza kupiga kwa madaha, huku akiwatupia jicho akina dada waliokuwa wanachagua vipaza sauti.

Fundi alikuwa amempa mgongo. Alivaa aproni ya kahawia yenye madoa ya gundi, nywele kazifunga kitambaa cha njano, kalamu ya risasi juu ya sikio. Alikuwa anaunganisha waya wa kinanda, na katikati ya makelele yale yote akasema bila kugeuka:

"Kidole chako cha mwisho kiliwahi kuvunjika."

Kijana akasimamisha mkono. "Umekionea wapi?"

"Sijakiona, nimekisikia. Kila ukifika uzi wa mwisho unaruka sauti moja, halafu unaificha kwa kutikisa kichwa."

Mama mmoja mnene aliyekuwa anajaribu tarumbeta akacheka mpaka akashika ukuta. Jina lake la mjini lilikuwa Tarumbeta, na lilimfaa akiwa na chombo na asipokuwa nacho. Akamwambia kijana kwamba leo ameshikwa peupe. Kijana naye, kwa sifa yake, akacheka. Akauliza kama kila mgeni husomewa maradhi yake siku ya kwanza.

"Ni wewe tu," Fundi akasema, na sasa akageuka. "Na hilo gitaa halikufai."

"Mbona nimelipenda?"

"Umependa rangi."

Basi, ndugu yangu, mtu aliyekuja kununua gitaa akashinda pale hadi duka linafungwa, na hakununua hata uzi. Alimwambia mjomba maneno matamu kwenye sikio lililokufa, mjomba akawa anaitikia tu "ehee, ehee." Alimbebea Tarumbeta mkoba hadi barabarani. Wiki iliyofuata akarudi kwa kisingizio cha waya, iliyofuata tena kwa kisingizio cha betri. Watu wakamwita Besi. Na mapenzi ni kikohozi: kabla mwezi haujaisha, hata mjomba alikuwa ameshasikia.

Walipendana kwa simu zaidi kuliko kwa macho, maana yeye alikuwa na mazoezi na Fundi alikuwa na kazi. Mchana, Fundi akiwa anapuliza chai yake, simu ingelia, na kabla hajasema kitu angesikia gitaa likikoroma masikioni mwake.

"Sikiliza, Fundi wangu. Uzi wa pili si umelegea?"

"Uzi hauna kosa. Umechoka wewe. Kapumzike."

"Nipumzike vipi na wewe uko huko?"

"Nitakutumia Tarumbeta aje akubembeleze."

"Akh, huyo si nitakufa. Umekula lakini?"

"Nimekula gundi."

Na angetabasamu peke yake mchana kutwa, mwanamke ambaye wateja walikuwa wakisema uso wake hutoa risiti tu.

Ndipo akamtengenezea gitaa. Lilikuwa besi la zamani, kiwiliwili cha mbao nyeusi ya mti mgumu, mjomba alilinunua enzi za ujana wake na halikupata wa kulipiga kwa sababu shingo yake ilikuwa nene kama mpini wa jembe. Sauti yake ilikuwa nzito na tamu, ukiisikia unaihisi tumboni. Fundi akaamua kuipunguza shingo ile mpaka ikae kwenye mkono wa Besi, ili kile kidole kilichovunjika kifike kwenye uzi wa mwisho bila kuhangaika.

Kazi hiyo haina haraka, na haina kurudi nyuma. Mbao ukishairanda, umeiranda. Kila Jumatano alasiri, duka likiwa tupu, Besi alikuja akakaa kwenye stuli. Fundi angemshika mkono, amkunjie vidole kwenye shingo ya gitaa, apapase pale inapobana, apige msasa kidogo, amshike tena mkono. Mjomba alijifanya amelala. Wakimaliza, Fundi alilitundika gitaa kwenye ule msumari, limetazama ukuta, na mji mzima ukajua ni la nani na maana yake ni nini. Mpiga besi wa bendi nyingine aliwahi kusema kwa utani kwamba angelitaka lile. Tarumbeta akamwambia aende akatafute fundi wa kumpenda kwanza.

Nakwambia haya yote ili ujue alichopoteza Besi.

Mwaka ule likafunguliwa duka jipya kwenye barabara kubwa, ghorofa tatu za vioo, baridi ndani kama kwenye jokofu, magitaa mamia yamepangwa kwa rangi. Wanamuziki waliliita Jumba la Vioo, wakalicheka. Halafu wakaanza kwenda kupunga upepo tu. Halafu meneja wake, bwana mmoja anukiaye toka mlangoni, akauliza ni nani mjini hapa wengine wakimwona na kitu, nao wanakitaka. Akaambiwa ni Besi.

Alimwita, akamkalisha kwenye kochi, akamwekea mezani mkataba. Wangempa gitaa jipya jeupe, suti, na safari za nje ya nchi pamoja na bendi kubwa. Yeye angepiga chombo chao tu jukwaani, angesema maneno mawili matatu kwenye tangazo, na asingeonekana na chombo wala duka la mtu mwingine mpaka mkataba uishe. Besi alikuwa ametoka kwenye nyumba ya watoto wengi na chumba kimoja, na safari za nje alikuwa anaziona kwenye kalenda. Akasaini siku hiyohiyo. Akatoka pale anajiambia kwamba atamweleza Fundi kesho.

Kesho ikawa Jumatano. Fundi akamshika mkono, akaukunja kwenye ile shingo, akasikiliza, akasema kwamba bado kidogo sana, ni raundi moja ya msasa, na baada ya hapo gitaa hili halitamfaa mtu mwingine yeyote. Akamuuliza kama aendelee. Alikuwa na unga wa mbao kwenye nyusi, na alikuwa anamtazama kwa macho ambayo mwanamume hapewi mara mbili. Besi akasema endelea.

Wiki zilizofuata akawa mtu wa udhuru. Akipigiwa simu yuko mazoezini, yuko kwa daktari wa meno, yuko kwenye foleni. Siku moja alipokuwa mazoezini hivyo, Fundi alisikia nyuma ya sauti yake kinanda kikijipiga chenyewe wimbo uleule wa maonyesho, unarudia na kurudia, na mwangwi wa ukumbi mrefu wenye vioo. Masikio yale hayakuwa ya kudanganywa. Alijua yuko wapi. Lakini mapenzi yanaweza kumfanya mtu kiziwi kumshinda mjomba, na Fundi akajiambia kwamba labda kaenda kupunga upepo kama wengine, akamwambia, "Sawa mpenzi, ukimaliza unipigie," akarudi kupaka vanishi.

Ikafika Jumamosi. Duka limejaa, kelele zimefika darini, Fundi kainama kwenye meza anafunga nyuzi mpya kwenye lile gitaa. Ghafla filimbi ikanyamaza. Kikafuata kinanda, halafu ngoma, halafu magitaa moja baada ya jingine, mpaka duka likawa kimya kabisa. Tangu azaliwe hakuwahi kulisikia hivyo. Mjomba akainua kichwa.

"Mbona kimya? Umeme umekatika?"

Simu ya mteja mmoja ilikuwa inapita mkono kwa mkono, na kila aliyeitazama alimtupia Fundi jicho kisha akaangalia chini. Tarumbeta akajaribu kuificha kwenye mkoba. Fundi akanyoosha mkono, akaipokea.

Alikuwa Besi, suti ya kijivu, gitaa jeupe kifuani, mgongoni mwake vioo vitupu. Sauti ya mtu asiyeonekana ikamuuliza wanamuziki hupenda kununua vyombo wapi. Besi akatabasamu tabasamu lake lile la siku ya kwanza, akasema: "Zamani tulihangaika kwenye vibanda vya kuchokonoachokonoa. Mwanamuziki anayejiheshimu sasa hivi ananunua hapa."

Fundi aliitazama mara moja tu. Akamrudishia mwenye simu, akamshukuru. Akamalizia kufunga uzi uliobaki, akaukaza, akausikiliza, akalitundika gitaa kwenye msumari wake, uso ukutani kama siku zote. Halafu akaingia chumba cha nyuma, kwenye maboksi, akakaa chini akalia kwa kujiziba mdomo na aproni. Aliumia kuachwa, ila kilichomuua zaidi ni kwamba gitaa lilibaki pale juu, na kila mtu alijua limetengenezwa kwa ajili ya mkono wa nani.

Besi alipiga simu wiki nzima, haikupokelewa. Na mji, kama ulivyo mji, ukafuata tangazo. Watu waliendelea kuja nyuma ya stendi, lakini sasa walikuja kuuliza tu. Walimpigia Fundi chombo, wakamuuliza kama kinawafaa, wakisikia ndiyo wanaitikia kwa kichwa, wanakwenda kukinunua kilekile kwenye vioo. Waliona aibu kidogo, lakini walikwenda. Fundi aliwajibu wote, na aliwajibu ukweli. Tarumbeta alimwambia, mwanangu, wadanganye, waambie haviwafai, tuone. Akasema hajui kusema hivyo.

Besi akaja mwenyewe siku ya kazi, mvua inanyesha, duka tupu. Kalowa, hana madaha. Mjomba alipomwona aliinuka bila salamu, akaenda kusimama mlangoni na kuwapa mgongo, akawageuzia lile sikio lililokufa.

"Ulisaini lini?" Fundi akamuuliza. Hakuacha kazi, alikuwa anakwangua kutu kwenye vyuma vya gitaa la mtu.

Akamtajia.

"Kwa hiyo Jumatano ile ya mwisho ulikuwa umeshasaini."

"Ndiyo."

"Nikakuuliza niendelee."

"Uliniuliza."

"Nilikwambia kwamba baada ya hapo halitamfaa mwingine. Ulinisikia?"

"Nilisikia." Akafuta maji usoni, na hayakuwa ya mvua yote. "Ulikuwa umenishika mkono. Ningekwambia, ungeniachia. Nilitaka ile Jumatano moja tu, Fundi. Naapa nilikuwa nakupenda kuliko siku zote, pale pale nilipokuwa nakudanganya."

Na ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli. Fundi aliisikia, kama alivyosikia kile kidole siku ya kwanza, na ikamchoma zaidi kuliko uongo.

"Na uliposema vibanda vya kuchokonoa, ulikuwa unamwona nani?"

"Yale maneno waliyaandika wao, mimi nilisoma tu."

"Sijakuuliza nani aliandika."

Mvua ikapiga bati. Besi akatazama gitaa lililomgeuzia mgongo.

"Nilikuona wewe," akasema. "Nikaendelea kusoma."

Fundi akaweka chini msasa. Besi akaichukua hiyo kama nafasi, akaongea harakaharaka, kama mtu anayeogopa salio litakwisha. Alisema hawezi kulala. Alisema anataka kumuoa, amekwishazungumza na mama yake, na mama amefurahi. Fundi akamtazama kwa mara ya kwanza siku ile, na nisikufiche, moyo wake ulipiga. Mwanamke hawezi kuuamuru moyo usipige.

"Ila iwe kimyakimya kwanza," Besi akamalizia. "Mkataba unanikataza kuonekana na duka jingine, na wewe ndiye duka. Ukiisha tu, tutafanya sherehe hata katikati ya barabara."

"Yaani niwe mke wa chumbani."

"Kwa muda tu, mpenzi."

Mwenye hasira angemfukuza. Fundi hakuwa na hasira iliyobaki, alikuwa na jeraha na alikuwa na mapenzi, na vyote viwili vilikuwa vinamvuta. Akamwambia: "Njoo Jumamosi. Mchana, duka likiwa limejaa. Ingia mlango wa mbele, ulijaribu gitaa lako mbele za watu kama kila mtu anavyojaribu. Ukinifanyia hilo, haya mengine tutayaongea, na vibanda nitavisahau."

Besi akamshika mkono, akaapa atakuja.

Fundi hakumwambia mtu, isipokuwa Tarumbeta, na kumwambia Tarumbeta ni sawa na kuweka spika juu ya paa. Jumamosi ile duka lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Hata wateja wa Jumba la Vioo walikuwepo, wanajifanya wamefuata vijiti vya ngoma. Fundi alivaa gauni la bluu chini ya aproni iliyofuliwa, akafunga kile kitambaa cha njano ambacho Besi alikuwa akisema kinamwangazia duka. Alikuwa tayari kusamehe. Nataka ulijue hilo vizuri: kama angeingia mtu na uso wake, harusi ingekuwepo.

Jua likapanda. Watu wakajaribu vyombo, macho yako mlangoni. Mjomba naye alikuwa anachungulia chungulia, na ndiye aliyemwona kwanza.

"Huyu mgonjwa wa macho anataka nini?" akauliza kwa sauti ya kiziwi, yaani kwa sauti ya kila mtu.

Alikuwa amesimama nyuma ya ngoma kubwa. Kofia kaivuta hadi kwenye nyusi, miwani nyeusi, koti amelipandisha kola hadi masikioni, na joto lile. Watu wakampisha. Hakuna hata mmoja aliyepotezwa na kofia, lakini hakuna aliyetaja jina.

"Nimekuja," akanong'ona alipofika mezani.

"Nimekuona," Fundi akasema.

Akapanda kwenye stuli, akalishusha gitaa, na kwa mara ya kwanza watu wakaliona uso. Mbao nyeusi inang'aa kama maji ya kisima, shingo ya rangi ya asali. Akalichomeka, akampa.

Besi akapiga. Sitakueleza, maana sauti haielezwi. Nitakwambia tu kwamba kidole kile kilifika. Kila uzi, kila sauti, hakuruka hata moja wala hakutikisa kichwa, na duka zima lilikuwa limenyamaza, na Tarumbeta alikuwa analia waziwazi huku anajipepea na mfuniko wa boksi. Alipomaliza, akauliza lile swali ambalo kila mtu huuliza pale.

"Linanifaa?"

Fundi alilitaka lile gitaa. Neno moja tu, na lingerudi kwenye msumari wake. Alilifikiria neno hilo. Lakini duka lile halikuwahi kudanganya mtu, na hakutaka Besi awe wa kwanza.

"Linakufaa," akasema. "Halitamfaa mwingine. Nenda ukamalizane na mjomba, bei yake ni ya watu wote."

"Na wewe je?" Alisema chini chini, midomo haitikisiki.

Fundi akamtazama. Kwenye ile miwani alijiona mwenyewe mara mbili, mdogo, na kitambaa cha njano.

"Vua miwani," akamwambia polepole. Sauti yake ilikuwa ya Jumatano.

Besi akageuka, akatazama watu. Simu mbili tatu zilikuwa zimeshainuliwa. Akatazama mlango. Mkono wake ukapanda mpaka shavuni, ukagusa miwani, ukakaa hapo. Kisha ukashuka, ukaenda kuushika mkanda wa gitaa.

"Basi mimi sikufai," Fundi akasema.

Alilisema kwa sauti ileile aliyowaambia wote miaka yote, bila ukali wala uchungu wa kusikika, na kila aliyekuwa ndani alijua kwamba baada ya neno hilo hakuna kubembeleza. Besi naye alijua. Akaweka gitaa kwenye kava, akaenda kaunta, akalipa. Tarumbeta akamfungulia mlango na wala hakumwambia kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baada. Gitaa lile halijasikika jukwaani. Wanaopita karibu na nyumba yake wanasema hulipiga alasiri, madirisha yamefungwa.

"Amesemaje?" mjomba akauliza.

"Amesema asante, mjomba."

Mzee akamtazama usoni, kisha akaanza kupanga risiti ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Ule msumari ulikuwa mtupu. Fundi akasimama chini yake, mikono kwenye mifuko ya aproni, machozi yanamtiririka mbele ya watu wote na hakuyafuta.

Dada mmoja mwimbaji wa kwaya alikuwa amekaa muda mrefu na kinanda kidogo mapajani, anasubiri zamu yake. Akauliza kwa woga kama aje siku nyingine.

"Hapana," Fundi akasema. "Piga nisikie."

Yule dada akapiga wimbo mfupi, wote, mwanzo hadi mwisho. Akanyamaza, akangoja kuambiwa.

"Rudia," Fundi akasema. "Sijakusikia."